Mwaka Ambao Mama Queen Hakulia

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Ethel alipuliza filimbi mbele ya ofisi ya kata ya Makote, akapandisha bendera. Saa kumi na mbili jioni aliishusha, akaikunja, akaifungia kabatini. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa mhudumu wa ofisi: kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua, kuhakikisha pipa lina maji. Bendera ilikuwa nyongeza tu, lakini sisi wa Makote tulimjua kwa hiyo. Ukisikia filimbi uko njiani, unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unangoja mpaka Mama Queen amalize kufunga kamba.

Alikuwa mtu wa Masasi. Babu yake alibatizwa na wamisheni akawa mwalimu wa vijijini, na tangu hapo ukoo mzima ulikuwa wa watu wa chaki na Kitabu cha Sala. Aliolewa na Anderson, mwalimu wa Jiografia, naye mtoto wa Masasi, wakahamia huku juu Newala baada ya Anderson kupangiwa sekondari yetu. Walijenga, wakapanda mikorosho, wakapata mtoto mmoja, Queen. Hawakujaliwa mwingine.

Ili uelewe mwaka wa 2021 ulivyomkuta, lazima nirudi nyuma mwaka mmoja.

Anderson alikuwa mwalimu wa nidhamu. Sheria ya wakati ule ilikuwa moja: msichana akipata mimba, shule basi. Barua za kuwaambia wazazi aliziandika yeye, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, mkuu wa shule akatia saini. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa, na alisema mara nyingi kwamba mtu anayechagua ni sheria ipi aifuate hana sheria.

Februari 2020 nesi alikuja shuleni kupima wasichana. Jioni ile Anderson alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi mezani, akatoa bahasha, akaisogeza upande wa mkewe.

“Imeandikwa kwa mzazi,” alisema. “Soma.”

Ethel akasoma. Kwa Mzazi wa Queen Anderson, Kidato cha Tatu. Mwandiko ulikuwa uleule wa kulala.

“Umeiandika mwenyewe?”

“Nani mwingine angeiandika?”

Kesho yake Anderson aliirudisha shuleni ikawekwe kwenye faili. Wiki hiyohiyo Queen alipelekwa Chilangala, kwa Emilia, dada yake Anderson, aliyeolewa kule. Kijana aliyempa mimba alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu. Alipopata habari aliiacha pikipiki kwa mwenyewe akatokomea upande wa Tunduru. Anderson hakumtaja tena binti yake. Ila jina lake yeye mwenyewe mtaani lilikuwa Baba Queen, kwa hiyo kila aliyemwamkia njiani alimkumbusha. “Shikamoo, Baba Queen.” Naye aliitika, “Marahaba,” uso mbele.

Mtoto alizaliwa Agosti, wa kiume. Shangazi Emilia alimpa jina la baba mzazi wa Anderson, Erasto, akitumaini jina litafanya kazi ambayo maneno yameshindwa. Halikufanya. Ethel alikwenda Chilangala mara tatu na sabuni na vitenge, akisema anakwenda kwenye mkutano wa Umoja wa Akina Mama. Anderson alijua kwamba mkutano hakuna. Hakuuliza. Ethel aliporudi alimkuta mumewe amempikia chai.

Basi ukaingia 2021. Kipindi kile jina lenyewe la ule ugonjwa wa dunia nzima halikutamkwa. Tulisema nimonia. Tulisema changamoto ya upumuaji. Redioni walisema tusali na tujifukize, na tulisali, na tulijifukiza. Kila nyumba ilinuka mwarobaini na mchaichai. Anderson alianza kukohoa mwisho wa Januari. Ethel alimfunika blanketi juu ya sufuria ya majani, asubuhi na jioni, na Anderson alikaa humo ndani kimya akitoka jasho. Siku ya sita alishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Jumamosi ya tarehe sita Februari tulimtafutia gari, akashushwa Masasi, na kutoka Masasi akapelekwa hospitali ya Ndanda.

Pale walimwekea oksijeni. Ethel aliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi, amefunga barakoa aliyopewa mlangoni. Jumapili Anderson alikuwa na nafuu kidogo, akataka kusema. Ethel akainama.

“Kidato cha Pili,” alisema, akavuta pumzi. “Kesho wana jaribio. Maswali yako kwenye droo. Mwambie Bonifasi.”

Mwalimu Bonifasi ndiye aliyekuwa mkuu wa shule.

“Nitamwambia.”

“Droo ya chini.”

“Nimesikia, Baba Queen.”

Anderson akafumba macho. Huenda alikuwa na jingine la kusema. Ethel aliniambia kwamba alingoja kidogo, kisha muda wake ukaisha akatoka.

Jumanne asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi nje akimimina chai. Nesi mmoja aliyeitwa Dominika, dada wa makamo aliyekuwa akimwita “mama” ingawa walilingana umri, alikuja akasimama mbele yake.

“Mama, njoo ndani.”

Ethel alijua. Hata hivyo alifunga kwanza kifuniko cha chupa ya chai, akakikaza vizuri, akafuta mdomo wa kikombe kwa ncha ya khanga, akakiweka kwenye kikapu. Ndipo akasimama. Baadaye hicho ndicho alichokikumbuka kuliko uso wa mumewe: kifuniko kile kilivyokuwa kigumu kukaa sawa kwenye mdomo wa chupa.

Kwenye karatasi waliandika nimonia. Kesho yake Anderson alizikwa kwenye makaburi ya ukoo, nje kidogo ya mji wa Masasi. Tulikwenda wachache. Wengine waliogopa, na hakuna aliyesema anaogopa nini. Padri Barnaba alisoma ibada upesi, na waliochimba waliondoka bila kula. Queen alikuja na shangazi yake, mtoto mgongoni. Alilia mpaka akashikwa na wanawake wawili, na mtoto naye akalia kwa kuona mama yake analia. Ethel alimtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu wa msiba mwingine. Alipofikiwa akasema, “Umemfunika kichwa huyo mtoto? Jua kali.”

Wanawake walinong’onezana kwamba bado hajaamini, kwamba kilio kitakuja. Walikaa naye siku tatu. Hakikuja. Siku ya tano alikuwa Makote amesimama chini ya mlingoti, filimbi mdomoni.

“Nilikuwa na ganzi,” aliniambia, nilipomuuliza mwaka uliofuata. “Kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaona ni wako, lakini ukiugusa umegusa kitu cha jirani.”

Alikula alipopewa chakula. Alilala. Alifagia ofisi, akachemsha chai, akasahau kuweka majani, akapeleka maji ya moto matupu, nao wakayanywa wakaogopa kumwambia. Maswali ya jaribio alikuwa ameyatoa kwenye droo akayapeleka shuleni kwa mkono wake, siku aliyorudi kazini. Mwalimu Bonifasi aliyapokea, akasema, “Ahsante, Mama Queen.” Jaribio lenyewe lilikuwa limekwisha kufanywa kwa maswali mengine.

Alhamisi ya tarehe kumi na nane Machi Ethel alifika ofisini kama kawaida, giza likianza kupauka. Alimkuta mtendaji wa kata, Ziada, msichana wa miaka thelathini hivi, amekwisha fika, na hiyo haikuwa desturi yake. Ameketi kwenye ngazi na simu mkononi, macho mekundu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Hujasikia? Rais amefariki. Wametangaza jana.”

Ethel alisimama. Alimwambia pole, kama unavyomwambia aliyefiwa, maana Ziada alikuwa analia. Kisha akauliza, “Bendera je?”

“Nusu mlingoti. Nchi nzima.”

“Inafanywaje?”

Ziada hakujua. Walipiga simu wilayani, simu haikupokelewa, wakapiga tena. Aliyepokea akawaelekeza: haisimamishwi katikati moja kwa moja. Ipandishwe mpaka juu kabisa, ikae kidogo, kisha ishushwe taratibu mpaka nusu. Na jioni vivyo hivyo, ipande juu kwanza ndipo ishuke. Ethel aliomba arudiwe mara mbili, akayashika. Alipuliza filimbi. Watu waliokuwa wakienda kisimani na mashambani walisimama kila mmoja pale alipo, na kamba ilipoanza kurudi chini mzee mmoja wa Kimakonde aliyebeba jembe alipiga magoti barabarani akalia kwa sauti. Wengine wakafuata. Ethel alifunga kamba, akavuta kuona kama imekaza, akaingia ndani kufagia.

Siku zile alifanya hivyo asubuhi na jioni bila kukosea. Kwanza walisema siku kumi na nne, halafu zikawa ishirini na moja. Ziada alileta televisheni yake ofisini, akaitegesha dirishani, na watu wa kata wakajaa uani wakitazama. Ijumaa waliona makamu akiapishwa, mwanamke, ushungi umemzunguka uso na Kurani mkononi. Vigelegele vilianza vikakatika vyenyewe, maana watu hawakujua kama inafaa kupiga vigelegele siku ya matanga. Ziada alimgeukia Ethel.

“Mama Queen, ona! Mwanamke!”

“Naona,” alisema Ethel.

Na aliona kweli. Ila ilikuwa kama kutazama mvua inayonyesha kijiji cha pili.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa arobaini ya Anderson. Ethel alikuwa ameshapeleka taarifa Masasi wiki tatu nyuma, na tarehe ya arobaini haihamishwi kwa sababu ya mtu mwingine, hata awe rais. Misa ilisomwa mchana. Walikuwa watu kumi na kitu. Wengi wamebaki kwenye televisheni. Padri Barnaba, mzee aliyemfundisha Anderson kipaimara, alianza kuwaombea marehemu. Akamwombea Rais wa Jamhuri kwa jina lake lote na vyeo vyake vyote. Akaliombea taifa, na familia ya Rais. Alipofika kwa Anderson sauti ilikuwa imechoka, akasema “na mtumishi wako Anderson,” akasonga mbele. Shangazi Emilia alishusha pumzi kwa hasira mpaka waliokaa mbele wakageuka.

Nje ya kanisa hakujizuia.

“Wifi, umesikia? Misa ya kaka yangu, na kaka yangu kapewa maneno matatu!”

“Nimesikia.”

“Na wewe unaona sawa?”

“Siyo sawa,” alisema Ethel. “Siyo vibaya. Rais kapewa siku ishirini na moja, Baba Queen alipewa tatu. Kila mtu na zake.”

Emilia alimtazama wifi yake usoni muda mrefu. Hasira ikamwisha, akaingiwa na hofu. Wakati wa kuagana alimvuta Queen mbele, mtoto mgongoni na mfuko wa nguo mkononi.

“Mchukue mwanao,” alisema. “Aliyemkataza kukaa nyumbani hayupo. Na wewe hupaswi kukaa peke yako na hali hiyo.”

Hivyo Queen akarudi Makote.  Ethel alimwonyesha chumba chake, ambacho kilikuwa kimewekwa magunia ya mbaazi, wakayatoa pamoja.

Siku ya maziko ya Rais, tarehe ishirini na sita, ua wa ofisi ulijaa tena. Wanawake walilia wakiona jeneza linashuka. Ethel alikuwa nyuma, anagawa maji ya kunywa kwa kikombe. Mama mmoja, simtaji, alisema kwa sauti ya kusikika, “Huyu moyo wake jiwe. Hakumlilia mumewe, atamlilia Rais?” Queen alikuwa karibu. Aligeuka kumjibu, lakini mama yake akamshika mkono.

“Mpe maji,” alisema. “Bado hajapata.”

Tarehe saba Aprili, siku ya ishirini na moja, bendera ilikuwa bado nusu. Kesho yake Ethel aliipandisha mpaka juu, akaiacha huko.

Yaliyofuata ni miezi ya kazi. Ethel alikwenda ofisini. Queen alichukua shamba. Alipalilia chini ya mikorosho, na Juni ilipofika alikwenda kwa jirani yao Hamudi akaazima mashine ya kupulizia, akajifunga kitambaa puani, akapulizia salfa, unga wa dawa ya mikorosho, mti kwa mti asubuhi mapema kabla ya upepo. Alirudi nyumbani amepauka vumbi la njano kichwani mpaka miguuni, na Erasto, aliyekuwa anaanza kutambaa, alimkwepa akidhani ni mtu mwingine. Ethel alicheka? Nilimuuliza. Alisema anakumbuka kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha.

Agosti chanjo zililetwa wilayani. Sisi tulikuwa na maneno mengi. Wengine walisema utakufa baada ya miaka miwili, wengine kwamba hutazaa. Walio wengi walisema tu, wacha tuone wenzetu kwanza. Ziada alitangaza kwenye kipaza sauti siku mbili, na siku yenyewe wauguzi walikaa kwenye kivuli cha ofisi na masanduku yao ya barafu bila mteja. Ethel aliwapelekea chai. Aliyekuwa na sindano alimwambia, kwa mzaha, “Mama, na wewe je?” Ethel akaweka birika chini, akapandisha mkono wa gauni.

Hamudi alikuwa amesimama na baiskeli yake ng’ambo ya barabara, anachungulia. Alipoona akavuka mbio.

“Mama Queen! Huogopi?”

“Sijui,” alisema Ethel. Alifikiri kidogo, maana aliona ni swali la haki. “Natafuta hofu, siioni.”

Hamudi alingoja wiki nzima, akipita nyumbani kwao kila jioni kwa kisingizio hiki au kile, kuona kama amekufa. Alipoona yuko hai anachambua mboga, alikwenda na mke wake wakachanjwa. Watu wakasema Mama Queen ni jasiri. Tulimsifu hata kanisani. Yeye alijua kwamba haukuwa ujasiri, lakini hakuona faida ya kubishana.

Korosho tuliokota Oktoba na Novemba. Jumatano moja mwisho wa Novemba, mchana, Ethel alikuwa anaosha vikombe nyuma ya ofisi. Ziada alitoka mbio, redio ndogo mkononi.

“Mama Queen! Wizara imetangaza. Wanaruhusiwa kurudi!”

“Akina nani?”

“Wasichana waliozaa. Shuleni. Wanaruhusiwa kurudi shule za serikali! Queen, mama. Queen!”

Ethel alimaliza kikombe alichoshika. Akasema, “Aha.” Akachukua kingine.

Ila jioni, bendera ilipokwisha kufungiwa, hakupita dukani. Alimkuta Queen anatwanga, mtoto amekaa mkekani. Alimwambia palepale, amesimama, mkoba begani. Queen aliacha mchi ndani ya kinu.

“Leo?” alisema. “Wamesema leo?”

“Mchana.”

“Kwa hiyo ilikuwa inawezekana.” Alikaa kwenye ukingo wa baraza. “Miaka yote hii ilikuwa ni kitu cha kutangaza mchana mmoja tu, halafu basi.”

Ethel aliushusha mkoba. Aliketi karibu naye. Erasto alikuja kwa magoti, akashika mkoba wa bibi yake, akaanza kuvuta mkanda.

“Mama,” alisema Queen. “Nataka kukuuliza jambo, na usinidanganye. Kule Ndanda. Baba alisema chochote juu yangu?”

Miezi tisa Ethel alikuwa anajua kwamba swali hili liko njiani. Alikuwa ameshatengeneza majibu mawili, yote mazuri, moja lenye msamaha na moja lenye jina la Erasto ndani yake. Alifungua mdomo atoe mojawapo, akakuta hana nguvu ya kulibeba.

“Hakusema.”

“Hata jina?”

“Alisema habari za jaribio la Kidato cha Pili. Na droo. Na mimi sikumuuliza, Queen. Nilikuwa na nafasi nikanyamaza. Nilidhani kuna kesho yake.”

Queen aliinamisha kichwa. Ethel alidhani atalia, akajiandaa kumshika, lakini binti aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubali bei aliyokwisha kuikadiria mwenyewe.

“Nilijua,” alisema. “Nilitaka tu kujua kama najua.” Kisha akasema, “Nitarudi. Siyo kwa ajili yake. Na mtoto?”

“Nitakwenda naye ofisini.”

“Watakukubalia?”

“Nitakwenda naye,” alisema Ethel.

Wiki ya pili ya Desemba, baada ya sherehe za miaka sitini ya Uhuru, ambazo kwetu zilikuwa mbio za magunia, kukimbiza kuku na hotuba ndefu ya diwani, walikwenda shuleni. Shule ilikuwa imefungwa lakini Mwalimu Bonifasi alikuwepo. Aliwakaribisha, akauliza hali ya nyumbani, akaeleza: mwanafunzi anayerudi awe hajapitisha miaka miwili tangu alipoacha. Lazima athibitishe tarehe. Akafungua kabati, akapekua mafaili, akatoa moja lililofungwa kwa uzi.

Karatasi ya juu ilikuwa ile barua. Mwalimu Bonifasi aliitambua wakati mmoja na Ethel, akataka kuigeuza, lakini Queen alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Hakuwahi kuisoma. Mwaka ule ilipofika mezani yeye alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

Alisoma mpaka chini, akarudi juu.

“Ameniandika jina langu lote,” alisema. “Mpaka la kwake.”

 Nje mlinzi alikuwa anafyeka nyasi.

“Naweza kukaa nayo, mwalimu?”

Mwalimu Bonifasi aliikunjua mikono juu ya meza, akaikunja tena. “Ingekuwa yangu ningekupa, mwanangu. Ni ya faili.”

Akairudisha. Akahesabu kwa vidole: Februari elfu mbili ishirini, hii ni Desemba. Miaka miwili bado. Akaandika tarehe ya kufungua shule, Kidato cha Tatu, aanze upya. Aliwasindikiza mpaka getini, na pale akamwambia Ethel, “Anderson angefuata waraka huu pia, Mama Queen. Unajua alivyokuwa. Kilichoandikwa.”

“Angeufuata,” alisema Ethel. Ilikuwa kweli, na haikumpoza wala kumuuma.

Krismasi walikwenda Masasi, wakasafisha kaburi. Walirudi Newala siku ya tatu. Mvua zilikuwa zimeanza na kulikuwa na mahindi ya kupanda. Sare zilikuwa zimekwisha shonwa, sketi moja na mashati mawili; Queen alizifua kupunguza ugumu wa kitambaa, akazianika uani, wakaenda shambani wote, Erasto mgongoni kwa bibi.

Waliporudi mchana, mbuzi jike wa Hamudi alikuwa uani. Kamba ya kuanikia imelegea, na shati moja limeningʼinia kutoka mdomoni mwake. Kola yote ilikuwa imekwenda. Mbuzi aliwatazama, akaendelea kutafuna taratibu, taya likienda upande.

Ethel alimpa Queen mtoto. Kisha akapiga kelele.

Nilikuwa nyumbani kwangu, nyumba ya tatu, nikatoka nikidhani kuna moto. Sote tulitoka. Alikuwa ameokota jembe na anamkimbiza mbuzi kuzunguka nyumba, khanga imeanguka, anamtukana kwa Kiswahili na kwa Kiyao cha kwao, mbuzi na ukoo wake. Alipomkosa alisimama katikati ya uwanja akaanza kumtukana Hamudi kwa kutofunga mbuzi. Akamalizana na Hamudi. Akaingia kwa Anderson. Alimwita kwa jina lake tupu, jina ambalo hatukuwahi kulisikia mdomoni mwake, maana siku zote alimwita Baba Queen. “Anderson! Droo! Unaniambia habari za droo!” Alisema mengine ambayo siyaandiki, ni ya mke na mume. Akamgeukia yule mama wa siku ya maziko, aliyekuwa amesimama kwenye ua wake na ungo, naye akarudi ndani upesi. Sauti ilipokauka alikuwa bado anasogeza midomo. Ndipo akaketi chini kwenye udongo mbichi, na Queen akaketi kando yake na mtoto, wala hakumwambia anyamaze.

Hamudi alikuja jioni na sinia la ming’oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na maneno mengi ya kuomba radhi. Alikuta wanakula tayari. Alikaribishwa, akaketi, akala chakula cha watu aliowakosea, kama desturi ilivyo. Queen alikuwa amekata kipande kwenye upindo wa shati lile na anaunga kola mpya, sindano ikienda haraka kabla mwanga haujaisha.

“Ulilia?” nilimuuliza Ethel, siku aliyonisimulia haya yote.

“Hapana,” alisema. “Machozi hayakuja hata siku ile. Nilipiga kelele tu, mpaka koo likauma. Asubuhi yake niliamka mwili wote unauma, mikono, mgongo, kama mtu aliyelima heka nzima. Nikamwambia Queen, chemsha maji nijikande.”